Hisa za sigara au za M-Pesa: niliyoyaona nikiwa dukani

Mdogo wangu, umeuliza laki yako uiweke BAT Kenya, kampuni ya sigara, kwa sababu ya mgao mnono wa faida, au Safaricom kwa sababu ya M-Pesa yake. Hisa za zote mbili ninazo, na kwa miaka kadhaa niliuza sigara na kufanya uwakala wa M-Pesa katika duka moja hapa Kongowea, Mombasa.

BAT nilinunua hisa 100 mwaka 2017, kila moja zaidi ya shilingi 700. Mgao sikuukosa. Wa mwaka 2022 ulikuwa shilingi 57 kwa hisa, na baada ya kukatwa kodi ya asilimia 5 nikabaki na 5,415. Ila bei ya hisa yenyewe ilishuka karibu nusu, kwa hiyo migao yote hiyo imekuwa ya kuziba pengo tu.

Chanzo utakiona kwenye pakiti. Ushuru wa sigara Kenya hauhesabiwi kwa asilimia ya bei, unahesabiwa kwa idadi. Tangu Desemba 2024 ni shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000, yaani 82 kwa pakiti ya 20, iwe ya ghali au ya rahisi. Na mteja wangu pakiti hakuwa akinunua. Alikuja alfajiri na sarafu kiganjani, akachukua moja, akaiwasha papo hapo dirishani. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kuuza moja moja, nami nakiri niliivunja. Mtu huyo ukimwongezea shilingi tano tu, kesho humwoni. Yuko kwa muuza magendo, sigara zilizovushwa kutoka Uganda bila ushuru.

Siku moja mchuuzi wa baiskeli aliniletea katoni kwa bei iliyonitia shaka. Nikaipima stempu ya ushuru kwa Soma Label, programu ya simu ya mamlaka ya kodi KRA, ikakataa. Nikamrudishia mzigo wake. Katoni kama ile ndiyo inayokula soko la BAT, na kila ushuru ukipanda inazidi kupata wateja.

Kwa M-Pesa, ushuru unatozwa kwenye ada: asilimia 10 mwaka 2013, 12 mwaka 2018, 15 mwaka 2023. Kila ulipopanda wateja walilalamika pale kaunta, na huku wanalalamika wananitajia namba ya kutumia pesa. Mama anayetuma karo Kilifi hana M-Pesa ya magendo ya kukimbilia.

Safaricom nilinunua 2012, hisa 2,000, kila moja chini ya shilingi 5. Mgao wa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, shilingi 1.20 kwa hisa, ulikuwa kama robo ya bei niliyolipa. Lakini usinunue kwa kufuata kelele. Aliyeingia Agosti 2021 bei ikiwa juu ya 40 aliiona ikianguka hadi karibu 12 mwishoni mwa 2023, gharama za kuanzisha mtandao wake Ethiopia zikiwa zimeibana kampuni.

Sigara niliacha kuziuza siku mtoto wa shule, sare mwilini, aliponiomba moja. Ushuru huo umeniumiza mfukoni na bado nauunga mkono, maana kila shilingi inayoongezwa inamzuia mtoto kama yule.

Ingekuwa laki yangu, ningenunua Safaricom kwa mafungu matatu, kila baada ya miezi miwili, si zote siku moja. BAT nisingeongeza hata hisa moja. Zile 100 nasubiri mgao ujao, kisha nampigia dalali aziuze.