Priza ya pili katika nyumba ya mbao: usiivute kutoka kwenye taa

Ndugu, umesema unapanga nyumba ya mbao hapa Goma, chumba kina taa moja na priza moja, na unataka nyingine karibu na meza ya watoto. Jirani amekushauri uvute nyaya mbili kutoka kwenye taa. Nimeweka priza kwangu na kwa ndugu kadhaa wanaokaa kwenye mbao kama wewe, na kwa hilo la taa nakuomba: usifanye.

Laini ya taa kwa kawaida ina waya wa milimita mraba 1.5, priza inataka 2.5. Utasema ni ya simu tu na taa ya kusomea. Lakini siku makala ya kupikia (mkaa) yakipanda bei, mtu atachomeka resho, jiko la umeme, hapo hapo. Resho la wati 2000 kwenye volti 220 linavuta ampea 9 na kitu. Ongeza pasi ya wati 1200, unakaribia 15. Waya mwembamba utapata joto nyuma ya mbao kavu, na hakuna atakayeona mpaka moshi utoke. Kuvuta kutoka kwenye swichi ni kubaya zaidi, maana mara nyingi pale kuna fazi tu, waya unaoleta umeme; nyutro, waya wa kuurudisha, haipo. Nimeshakuta watu wameikosa nyutro wakafunga waya kwenye chuma kilichopigwa ardhini. Chuma hicho kinaweza kuwa na umeme, na mtoto akakishika.

Anza na priza uliyo nayo. Zima dijonkteri (swichi inayokata umeme wa laini ukizidi), fungua, soma kilichoandikwa kwenye ganda la waya. Ukikuta 2.5, na dijonkteri yake ni ya ampea 16, unaweza kuendeleza kutoka hapo kwa waya wa 2.5. Resho lipate laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la dijonkteri. Na kabla ya hayo yote, ongea na mwenye nyumba.

Sasa hili nalisisitiza kwa sababu ya mji wetu. Umeme ukikatika, wengi wanachukua bisibisi na kusema sasa ni salama. Si salama hata kidogo. Unarudi bila hodi, wakati vidole viko kwenye shaba. Zima dijonkteri kwa mkono wako, uifunge kwa skochi (utepe wa gundi), na uwaambie wote wa nyumbani wasiiguse. Halafu pima: gusisha testeri kwanza mahali unapojua pana umeme ili uone inawaka, pima unapofanyia kazi, kisha rudi kuijaribu tena pale pa kwanza. Testeri iliyokufa inaonyesha sawa kabisa na waya usio na umeme. Kwa hiyo kazi hii ifanye umeme ukiwepo mtaani.

Waya, ukinunua Birere, sokoni hapa mjini, au popote, ukwangue kwa kisu kabla ya kulipa. Kuna ule wa aluminiamu uliopakwa shaba: juu mwekundu, ndani mweupe. Uache.

Kwenye mbao, pitisha waya ndani ya tubu ya plastiki juu ya ukuta, si katikati ya mbao mbili ambapo panya wanatafuna na msumari wa kesho utatoboa. Usiuache uguse ukingo wa bati; upepo unausugua mpaka ganda linaisha, na bati lote linapata umeme. Viungo viwe kwenye domino (kiungio chenye skurubu za kubana waya), ndani ya boksi lenye kifuniko. Kusokota nyaya na kuzungusha skochi ndiko kunakochoma nyumba.

Waya wa kijani na manjano ni wa ardhi, na hapa Goma ndio wenye shida. Fimbo ya mita 1.5 haiingii kwenye mawe ya volkano, hasa palipopita lava ya 2002. Fundi mzuri atachimba mfereji, atalaza waya wa shaba usio na ganda, atajaza udongo, kisha atapima; kanuni za Ufaransa zinataka ukinzani wa ardhi usizidi omu 100. Kwa sababu hiyo mimi siweki priza bila diferensiali ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme mara unapovuja kwenda ardhini au mwilini mwa mtu. Mtu aliyenaswa na umeme anapitisha kidogo mno kuangusha dijonkteri ya ampea 16, lakini diferensiali inakata. Bonyeza kitufe chake cha T kila mwezi.

Ukimaliza, vuta kila waya taratibu uone kama skurubu imeukamata, washa, chomeka pasi nusu saa, kisha ichomoe na uguse uso wa priza. Ukiwa wa moto, zima na ufungue tena.

Kontere (mita ya umeme) na waya unaotoka kwenye nguzo usiviguse. Hivyo ni vya kampuni ya umeme.

Tuandikie waya wako umeandikwa nini na dijonkteri ni ya ampea ngapi, nikuambie kama utaendeleza au utahitaji laini mpya.