Simu za intaneti tunazilipia tayari, swali ni tulipie mara ngapi

Ndugu uliyeuliza kama simu za WhatsApp na za programu nyingine ziachwe bure au zitozwe kwa dakika, ili kampuni za simu zirudishe gharama ya minara: mimi dakika ndizo zilizonilisha. Kuanzia 2003 nilikuwa na kibanda cha simu Busia, upande wa Uganda, karibu kabisa na geti la forodha. Leo mahali pale pale nauza data na kutoa pesa za simu. Kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza uijue Busia. Mji ni mmoja, mpaka umeupasua katikati. Mtu wa huku akitaka kumpigia shemeji yake wa kule, ambaye angeweza kumfikia kwa miguu kabla chai haijapoa, hesabu ilikuwa ya simu ya nchi za nje. Ndiyo maana kibandani nilikuwa na simu mbili, moja ya laini ya Uganda, nyingine ya laini ya Kenya, kwa kuwa mnara wa Kenya ulishika vizuri hadi mezani kwangu. Anayepiga Kampala nampa hii, anayepiga Nairobi nampa ile.

Kulikuwa na mama mmoja muuza mukene, yaani dagaa, mwanawe alikuwa fundi Nairobi. Dakika moja nilimtoza shilingi 700, na hiyo ilikuwa hela ya unga wa nyumba nzima kwa siku. Alikuwa akifika anakaa kwanza kwenye benchi, anapanga maneno kwa vidole: karo, paa linavuja, baba yako mguu. Vidole vikizidi vitatu, anakunja kimoja, hicho kitangoja mwezi ujao. Halafu ananiambia, "Mwanangu, nipigie sasa." Mimi naangalia saa, ikibaki sekunde kumi nainua mkono, naye anakata. Kilichoniuma, hata wakati ule, ni kwamba alikuwa hasalimii. Mama wa Kisamia, mtu mzima, anampata mwanawe baada ya mwezi mzima, na neno la kwanza ni "Karo bado." Hujambo, watoto wazima, huko mvua ipo, hayo yote aliyaacha kwa sababu ya saa yangu.

Sasa mjukuu wake ana simu ya intaneti. Jumapili wanampigia yule mwana kwa WhatsApp, wanaiegemeza kwenye kopo la sukari, wanakula huku anawasikia. Nilikuwepo siku moja. Ilipita kama dakika tatu hakuna aliyesema neno, kijiko tu kwenye sahani, na hakuna aliyeona haja ya kukata. Walipomaliza nikamwomba mjukuu tuangalie data iliyotumika. Nusu saa nzima, sauti peke yake, haikufika hata MB 20. Picha ndiyo inayokula data, sauti ni kidogo sana.

Lakini usiseme ni bure, ndugu yangu. Ile MB 20 mjukuu aliinunua kwangu. Na ndani ya hela aliyonipa mna kodi: tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda ina ushuru wa asilimia 12, na juu yake VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Piga hesabu mwenyewe, bando la shilingi 1,000 lina zaidi ya shilingi 240 za serikali, karibu robo. Zinazobaki ni za mtandao. Kwa hiyo mwenye mnara amelipwa, serikali imelipwa, na mimi nimepata kamisheni yangu. Anayesema sasa tuongeze malipo ya dakika juu ya hapo anataka tulipe mara mbili kwa safari moja. Ni kama umelipa nauli ya matatu kutoka Busia hadi Kampala, ukifika Jinja kondakta anarudi kukudai tena kwa kuwa umeongea na jirani yako njiani.

Tena hili tulishalijaribu. Julai 2018 serikali ilileta ile kodi ya mitandao ya kijamii tuliyoizoea kwa jina la OTT: shilingi 200 kwa siku, 1,400 kwa wiki, 6,000 kwa mwezi, ndipo ufunguliwe WhatsApp, Facebook, Skype na wenzake. Na ilikuwa lazima uilipe kwa pesa za simu, ambazo mwezi huo huo nazo zilikuwa zimewekewa kodi ya asilimia 1. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa dirishani, kwa hiyo lawama za watu zilikuwa zinaniangukia mimi. Wiki ya kwanza walilipa. Baadaye vijana wakaanza kupeana VPN, programu inayoficha unachofungua mtandaoni, kwa bluetooth, na kila mtu akajua njia ya kupita. Wazee wasiojua VPN ndio walioendelea kulipa, au waliacha kabisa kupiga. Yule mama alikaa bila kumsikia mwanawe kwa miezi. Mwaka 2021 kodi hiyo ikafutwa, ndiyo ikaja ile ya data niliyoitaja. Sisemi ya data ni ndogo, ni nzito sana. Ila angalau haikuulizi bando lako unalifanyia nini.

Upande wa kampuni za simu nao nausikia. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yetu inatoka kwenye nyaya za baharini zinazotia nanga Mombasa, inasafirishwa nchi kavu hadi huku, halafu mnara wa kijijini unakula dizeli umeme ukikatika. Hayo yana gharama na yanapaswa kulipiwa. Yalipiwe kwenye bei ya bando, wazi, kila mtu aione.

Na ipo simu ya intaneti ambayo ni haki ilipiwe kwa dakika: ile inayotoka kwenye programu ikaingia kwenye simu ya kawaida. Hapo mtandao unaopokea unamtoza aliyepitisha simu, kwa hiyo mtu lazima alipe. Skype walikuwa wakitoza hivyo, na sikuwahi kuwalaumu.

Ninaowawazia zaidi ni wenye vitochi, zile simu ndogo zisizo na intaneti. Mabishano yote haya ni ya sisi wenye simu za intaneti, wakati bibi mwenye kitochi bado anahesabiwa dakika kama 2003, na simu ya kuvuka mpaka bado inamuuma hata baada ya nchi zetu kukubaliana mwaka 2014 kushusha bei. Kama serikali na kampuni wana nguvu ya kupanga bei, waanzie hapo. Mimi nimefanya ninaloweza: kibandani nimeweka simu moja ya intaneti ya mteja yeyote. Mwenye kitochi ananunua bando la 500, anampigia ndugu yake wa Nairobi au Eldoret akiwa amekaa kwenye benchi lile lile, na akimaliza naandika salio lake kwenye daftari hadi siku atakayorudi. Saa ya ukutani niliitoa.