Skalopu inaanzia kwenye kona: kwa wadogo zangu wa kadi na albamu

Jamani wadogo zangu, nimekaa kimya muda mrefu ila wiki hii nimeshindwa. Msimu wa harusi umepamba moto, kila mtu ana oda za kadi za sendofu na albamu, na karibu kila kazi ninayoonyeshwa ina ugonjwa uleule: juu skalopu, yaani yale mawimbi ya nusu duara ya ukingoni, zimepangana vizuri, chini vizuri, ukifika kwenye kona unakuta duara moja limekatwa nusu, lingine limebanwa, lingine limepanda juu ya mwenzake, halafu mtu kabandika ua la utepe pale ili lisionekane. Linaonekana. Mteja analiona hata kama hajui kulieleza, ndo maana anakwambia "ni nzuri dada, ila sijui kuna nini".

Nawaandikia kwa sababu nawapenda na kwa sababu manila imepanda bei.

1. Gawa kwanza, kata baadaye. Hili ningeweza kuliandika mara kumi na bado mtu ataondoka hapa akaanze kupanchi, yaani kukata ukingo kwa kile kifaa cha kubonyeza, kutoka kona ya kushoto mpaka atakapofika. Karatasi haijui skalopu yako ina upana gani, ni wewe unayetakiwa kuifanya ikubaliane. Chukua kadi ya A5, hiyo ya kawaida, milimita 148 kwa 210. Skalopu yako ina upana wa milimita 10. Upande mrefu unapata 21 safi kabisa, upande mfupi unapata 14 na zinabaki milimita 8, na hizo 8 ndizo zinazowatesa miaka yote. Zikate! Kadi iwe 140 kwa 210, skalopu 14 huku na 21 kule, kwisha. Mteja hatakuja na rula kupima kama kadi yake imepungua milimita 8, lakini kona iliyoharibika ataiona toka mlangoni.

Panchi nyingi za ukingo zimetengenezwa kwa inchi, kwa hiyo usiamini macho, panchi kwanza kwenye kipande cha karatasi chakavu, pima kutoka bonde la kwanza (pale wimbi moja linapokutana na jingine) hadi la sita, gawa kwa tano, hapo ndo unajua upana wa skalopu moja. Ukikuta ni nusu inchi, yaani 12.7, usilazimishe A5 ibaki A5: 16 kwa 11 inakupa kama 203 kwa 140, na ni kadi nzuri tu.

2. Kwa mnaochora kwa mkono na bikari au sarafu. Chora kwanza mstari wa ndani kuzunguka karatasi nzima, na kitovu cha duara la kwanza kikae palepale mistari miwili inapokutana kwenye kona. Zote nne. Halafu ndo ujaze za katikati. Kona inakuwa na robo tatu ya duara, imejaa, imetulia, inapendeza kuliko ua lolote la utepe. Kwa mfano wetu wa juu mstari wa ndani unakuwa 130 kwa 200 na nusu kipenyo ni 5, fanyeni hesabu mtaona inarudi kwenye 140 kwa 210.

Halafu acheni mabonde marefu. Binti mmoja kaniletea kadi za kitchen party, karatasi nyepesi ya gramu 80 ya fotokopi, kakata nusu duara nzima, mabonde yameingia ndani mpaka basi, na kadi hazijafika hata kwa kamati ncha zimeshajikunja. Karatasi nyepesi inataka skalopu ya kina kifupi, yaani tumia sarafu kubwa ila uchore kipande kidogo tu cha mzunguko wake. Ukitaka duara lililojaa nenda kwenye manila nzito, gramu 200 kupanda.

3. Mkasi wa maua, ule wenye meno ya mawimbi: usifunge mpaka ncha. Acha kidogo, rudisha mkasi, laza meno yake juu ya wimbi ulilokwisha kata mpaka likae kabisa, ndo uendelee. Na ukikata kwa mkasi wa kawaida kufuata mstari uliochora, mkono wa mkasi utulie, karatasi ndo izunguke.

4. Picha. Hapa naomba mtulie msome mpaka mwisho, kwa sababu juzi nimemkuta mmoja wenu ameshika picha ya zamani ya mteja mkono mmoja na mkasi wa maua mkono mwingine, na nilipiga kelele mpaka mafundi cherehani wa jirani wakatoka nje.

Nilishafanya hicho kitu. Ilikuwa mwanzoni kabisa, mama mmoja alitaka albamu ya kumbukumbu ya ndoa ya wazazi wake, akaniletea bahasha ya picha nyeusi na nyeupe, za studio, zile za miaka ya 1960 zenye mpaka mweupe na kingo za mawimbi madogo madogo. Mnazijua, nyumbani kwa bibi zipo, zilikuwa zinatoka studio zimeshakatwa hivyo. Sasa mimi nikaona yale mawimbi yamechakaa, mengine yamelika, nikasema ngoja niyafanye upya yafanane na kurasa zangu ambazo nilikuwa nimezihangaikia kweli, manila ya rangi ya maziwa, skalopu pande zote nne, na kona zimekaa. Nikaikata ile ya wazazi wake wamesimama pamoja, mama yake kashika mkoba mbele yake kwa mikono miwili. Nikaikata yenyewe, siyo kopi. Nilitoa utepe mwembamba sana kila upande, na kwa mbele ilipendeza, nisiwadanganye.

Mama alipokuja, kitu cha kwanza alichofanya ni kuichomoa picha na kuigeuza. Watu wenye picha za zamani wanageuza, wekeni hilo akilini. Nyuma kulikuwa na maandishi ya kalamu ya wino, mkono wa baba yake, mstari wa mwisho ulikuwa chini kabisa karibu na ukingo. Mkasi wangu ulikuwa umepita katikati ya huo mstari. Sehemu za juu za herufi zilikuwa zimebaki kwenye picha, zimepanda na kushuka kufuata mawimbi niliyoyakata, na nusu ya chini haikuwepo. Ule mstari ndo uliokuwa na tarehe na mahali. Baba alikuwa ameshafariki, hakuna wa kumuuliza aliandika nini.

Nilipekua pipa la taka mpaka chini. Nikapata vipande, vingine vilikuwa vimeshafagiliwa na kuchomwa na taka za jana yake, nikavipanga juu ya meza pamoja naye tukajaribu kusoma, tukapata mwaka, jina la mahali hatukulipata. Hakunigombeza. Alilipa, akachukua albamu, akasema asante mwanangu, na hajawahi kurudi wala kumleta mtu. Nikikumbuka namna alivyokuwa anapitisha kidole kwenye ule ukingo mpaka leo sijisikii vizuri, na ndo maana naliandika hapa kwa urefu wote huu, kwa sababu kadi ikiharibika unanunua manila nyingine lakini ile picha hakuna duka inapouzwa.

Kwa hiyo: picha ya mteja inaskaniwa mbele na nyuma, kopi ndo inayokatwa. Ya asili inarudi kwenye bahasha yake. Mteja akisisitiza iwekwe yenyewe, shikilia kwa vikona vya karatasi, bila gundi, na skalopu uiweke kwenye manila ya nyuma yake, itokeze nje kama milimita 5 kuzunguka. Inapendeza vilevile, mara nyingi zaidi.

5. Panchi ikianza kutafuna karatasi badala ya kukata, panchi foili ya jikoni mara kadhaa, halafu karatasi ya nta, itarudi.

6. Igeuze panchi tumbo juu ili uone unapokata. Mawimbi yaliyochorwa pembeni yake ni ya kulinganishia na ulichokwisha kata, hayajawekwa kwa urembo.

7. Wenye Cricut na mashine nyingine za kukata karatasi kwa kompyuta, najua mnasoma huku mnasema haya hayatuhusu. Yanawahusu. Mkipanga maduara pembeni ya mstatili lazima yaunganishwe na huo mstatili yawe umbo moja kabla ya kukata, la sivyo mashine inakata kila duara peke yake na unatoa kwenye mkeka rundo la sarafu za karatasi. Na mashine haijui kona. Ukiipa vipimo visivyogawanyika itakukatia kona mbovu, tena kwa usafi mkubwa.

8. Gundi ya maji kidogo, mbali na ukingo, hasa kipindi cha masika, maana manila inavuta unyevu na ncha za skalopu ndo zinaanza kunyanyuka. Ukimaliza laza kazi chini ya vitabu vizito usiku kucha.

9. Vitobo vya katikati ya kila skalopu, vile vinavyofanya ukingo uonekane kama lesi, tobolea baada ya kukata, anza za kona halafu ya katikati ya kila upande, ndo ujaze. Na mchaji mteja huo muda! Kadi yetu ile ya 140 kwa 210 ina vitobo 66, jamani, na wewe unauza bei ya kadi ya kawaida.

Panchi yangu kubwa ya duara ipo, anayetaka kuijaribu kabla hajanunua ya kwake aje asubuhi kabla wateja hawajaanza, aje na manila yake na awe ameshagawa vipimo.