Kumi na Tano au Kumi na Tatu?

Barua zenu za raga mwezi huu, na majibu yangu

SWALI: Salamu Mzee. Nachezea klabu moja hapa Nakuru, mimi ni flanka, yaani mchezaji wa pembeni katika kundi la mbele. Kaka yangu anasoma Ufaransa na amenitumia jezi kuukuu yenye kichwa cha chui na maandishi "Villeneuve XIII". Mazoezini wananicheka, wanasema nimevaa jezi ya timu ya kijijini. Nimetazama ramani na kweli mji wenyewe mdogo. Hiyo XIII ni nini, na Villeneuve ina nini cha kujivunia?
Flanka, Nakuru

JIBU: Flanka mwanangu, ivae hiyo jezi hadi iishe. XIII ni kumi na tatu kwa tarakimu za Kirumi, na klabu iliyo kifuani mwako ndiyo ya kwanza Ufaransa nzima kucheza raga ya wachezaji 13, si hii ya 15 unayocheza wewe. Wanaokucheka wamecheka mzaa chema.

Nimefika Villeneuve-sur-Lot mara moja tu, Desemba 1999, nilipokuwa mwanafunzi Toulouse. Mwenzangu wa bwenini alikuwa mzaliwa wa huko, akanichukua kwa gari lake wikendi moja. Ni mji wa watu elfu ishirini na kitu, umekatwa katikati na mto Lot, una daraja kuukuu la mawe na minara miwili ya lango iliyobaki tangu enzi za ngome. Pande zote ni mashamba ya plamu, zile zinazokaushwa na kuuzwa kwa jina la mji jirani wa Agen. (Hilo la jina liwaulize wenyeji kama unataka ugomvi.)

Tulipoingia, babu yake mwenzangu alikuwa jikoni anamenya vitunguu saumu. Hakuniuliza natoka nchi gani. Aliniuliza, "Kumi na tano au kumi na tatu?" Nikamwambia kwetu Mombasa nilicheza kumi na tano. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mgonjwa hajapata nafuu, akanivutia kiti.

Sasa sikiliza asili ya swali lile. Miaka ya 1920 raga ya Ufaransa ilikuwa na mambo mawili ya aibu. Kwanza, wachezaji walilipwa kwa siri huku viongozi wakiapa kuwa kila mtu anacheza kwa mapenzi. Pili, vurugu. Mwaka 1930 kijana wa Agen, mwenye miaka 18, alikufa baada ya kukabwa katika nusu fainali ya ubingwa. Mwaka uliofuata Waingereza na wenzao wa visiwani wakakata uhusiano na Wafaransa, timu ya taifa ikabaki bila mechi za maana. Ikabidi chama cha raga cha Ufaransa kitafute wa kumtoa kafara. Akapatikana Jean Galia, Mkatalani mzaliwa wa Ille-sur-Têt, mchezaji wa taifa, aliyekuwa akichezea Villeneuve. Akafungiwa kwa tuhuma za kushawishi wachezaji kwa fedha.

Galia hakwenda kulia nyumbani. Tarehe 31 Desemba 1933 Uingereza na Australia zilikuja kuonyesha raga ya 13 katika uwanja wa Pershing, Paris. Australia ikashinda 63 kwa 13, na waliotazama wakaona mpira unavyokimbia usipokaa chini ya rundo la watu. Machi 1934 Galia akakusanya wachezaji 17, wengi wao wakiwa hawajawahi kuucheza mchezo huo, akavuka nao bahari kwenda kujifunza kwa wenyewe kaskazini mwa Uingereza. Mechi sita, wakashinda moja, dhidi ya Hull. Kwa wanafunzi, si haba. Mwezi uliofuata chama chao kikazaliwa, na klabu ya kwanza ikawa Villeneuve. Ubingwa wa kwanza, msimu wa 1934 hadi 1935, ukaenda hapohapo Villeneuve.

Hadi hapo ni hadithi ya kawaida ya watu kugombana na chama. Sisi wenyewe tunazo nyingi. Lililofanya babu yule amenye vitunguu kwa hasira mpaka 1999 lilikuja baadaye.

Mwaka 1940 Ufaransa ilishindwa vitani na Ujerumani, ikaja serikali ya Vichy chini ya Marshal Pétain. Wazee wa kumi na tano, ambao klabu zao zilikuwa zikihama moja baada ya nyingine, walipata masikio mapya ya kuwasikiliza. Waziri Ybarnégaray akatangaza kuwa raga ya 13 itafutwa katika michezo ya Ufaransa, na tarehe 19 Desemba 1941 ikatoka amri: chama kivunjwe, mali yake ichukuliwe. Fedha, viwanja, vifaa. Mchezo mzima ulipigwa marufuku kwa saini ya mkuu wa nchi, kana kwamba ni kundi la wahaini. Mali ile haikurudishwa hadi leo.

Babu alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili wakati huo. Alinieleza kuwa baba yake alikuwa mchezaji, na ilipokuja amri wakaambiwa wanaotaka kuendelea warudi kumi na tano. Wengine walirudi, maana kijana haachi mpira kwa sababu ya siasa. Baba yake alikataa. Alivipaka viatu mafuta kila mwezi, akavitundika dohani, mpaka vita vikaisha.

Mchezo ulifufuliwa 1944, mbele akiwa Paul Barrière, kijana aliyetoka kwenye mapambano ya chinichini dhidi ya Wajerumani. Lakini walirudi wakiwa wamenyang'anywa kitu kingine, nacho ni jina. Walilazimika kuuita "mchezo wa kumi na tatu" tu, neno raga wakawaachia wale wengine, na kesi hiyo haikwisha mahakamani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nilimwambia Babu, lakini sasa jina mmerudishiwa. Akanijibu kwamba mtu akikuibia koti, akalivaa miaka hamsini, siku akikurudishia hutalivaa tena. Yeye ataendelea kusema mchezo wa kumi na tatu.

Jumapili tukaenda uwanja wa Myre-Mory. Ilikuwa Ramadhani, nimefunga, na upepo wa mtoni unapenya hadi mifupani. Jukwaani kila mtu ni shemeji wa mtu: aliyekata tiketi ni shangazi ya mpiga mikwaju, na mshika kibendera aliitwa kwa jina la utani la utotoni mwake. Mchezaji akidondosha mpira, aliyemtukana kwa sauti kuu alikuwa mama yake mzazi. Mechi ikaisha kabla ya magharibi. Watu wakaelekea kwenye soseji na mvinyo, Babu akabaki nami kwenye benchi, koti amelifunga hadi shingoni, anatazama saa yangu kuliko mimi. Muda ulipofika akatoa mfukoni plamu kavu ndani ya leso. Aliambiwa na mjukuu wake kuwa sisi hufungua kwa tende, akaona hizi zinakaribiana. Zinakaribiana kweli, ila kokwa yake ni kubwa zaidi.

Klabu hiyo imechukua ubingwa mara tisa, mitatu kati ya hiyo mfululizo, 2001 hadi 2003. Waeleze hayo wanaokucheka. Ila nikueleze na upande wa pili, maana nisiwe shabiki kipofu. Kinyongo kile ndicho kilichowashika pamoja, na nadhani kiliwafunga pia. Kwa watu wa umri wa Babu, kijana aliyehamia kumi na tano alikuwa kama ameoa kwa maadui, na hivi leo kumi na tano ndiko kuliko na televisheni na fedha. Mjukuu wake mwenyewe alikuwa akitazama kumi na tano chumbani, sauti ameizima.

SWALI: Mzee, wachezaji wawili waliopunguzwa ni akina nani? Na mchezo wenyewe unatofautianaje na huu tunaoujua?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ni maflanka. Nilimficha kijana wa Nakuru hapo juu, sasa ameshajua: jezi anayo lakini nafasi hana. Hakuna lainauti, ile mistari miwili ya kugombea mpira uliotoka nje. Mtu akikabwa, kundi halimrundikii. Anaachiwa asimame, anauviringisha mpira nyuma kwa mguu, mwenzake anauchukua. Timu ikikabwa mara sita mpira unaenda kwa wapinzani, kwa hiyo kwenye zamu ya tano utaona mtu akiupiga mbali. Kanuni ya mara sita si ya tangu enzi za Galia, ni ya miaka ya 1970. Zamani timu ingeweza kuukalia mpira nusu saa nzima, na nasikia zilikuwapo timu zilizofanya hivyo bila haya.

SWALI: Rafiki yangu anadai kulikuwa na Mfaransa aliyevuta sigara uwanjani na bado akawa nyota. Anatania?
Bibi wa Raga, Kampala

JIBU: Hatanii, dada. Ni Puig-Aubert, beki wa mwisho wa Carcassonne, mfupi, mnene kiasi, waliyemwita Pipette kwa sababu ya hizo sigara. Kukaba hakukupenda, alisema hiyo ni kazi ya wenzake. Lakini mguu wake! Mwaka 1951 aliongoza Ufaransa kwenda Australia, nchi ambayo raga ya 13 ni chakula cha kila siku, na wakaishinda Australia mechi mbili kati ya tatu, ile ya mwisho Sydney 35 kwa 14. Yeye peke yake alifunga zaidi ya pointi 200 katika ziara hiyo. Waliporudi Marseille watu walifurika mitaani, na gazeti la L'Équipe likamtaja kuwa bingwa wa mabingwa wa mwaka. Yaani miaka kumi baada ya serikali kuufuta mchezo, mchezaji wake alitangulia mbele ya waendesha baiskeli na wanandondi wote wa nchi.

Babu alikuwa na picha yake jikoni, juu ya kalenda ya kuuzia mbolea. Nilimuuliza kwa nini hana picha ya mtu wa Villeneuve. Akaniambia wa Villeneuve anawaona sokoni.