Anza na droo moja, si nyumba nzima

Ndugu yangu, hongera kwa siku hizo 40 bila pombe. Unauliza uanzie wapi kupunguza vitu nyumbani, maana nyumba imejaa makorokoro na ukiyatazama tu unachoka. Anza na vinavyokukumbusha ulevi: chupa tupu, glasi uliyoipenda, kizibuo, hata kile kiti cha kunywea kihamishe. Ubongo umevizoea kama ishara ya kunywa, na hamu huamka kabla hujajitambua. Ila usiwe peke yako. Ukikuta chupa uliyoificha ukaisahau (yangu niliikuta ndani ya gambuti), awepo mtu wa kuimwaga. Dawa za zamani zirudishe famasi. Kwingineko, nenda droo moja moja; dakika 15 kwa siku zinatosha. Picha na barua zenye uchungu zifungie kwenye boksi, utaziamulia baadaye.