Plaiwudi ya birchi kwa droo na makabati: kwa nini inapasuka ubavuni

Mkuu, umeuliza kama plaiwudi ya birchi (mti wa nchi za baridi) inastahili bei yake kwa droo na kabati la jikoni, na kwa nini imepasuka ulipoipigia skrubu ubavuni.

Kwa droo inastahili kabisa. Plaiwudi nyingi za kawaida zina matabaka machache manene ya mbao laini, halafu vinia, yaani tabaka jembamba la mbao, nzuri juu ya kuvutia macho. Ile ya birchi ya Finland, Urusi na nchi za Baltiki ni birchi tupu hadi kiini, kila tabaka kama mm 1.4. Hesabu ubavuni kabla ya kulipa: ya mm 12 iwe na matabaka 9, ya mm 18 iwe na 13. Ukikuta 7 kwenye mm 18, hiyo siyo. Hata ukiinyanyua utajua, maana shiti ya mm 18 yenye 1220 kwa 2440 inakaribia kilo 36.

Sasa kupasuka. Skrubu ya ubavuni inapita kati ya matabaka, inakuwa kabari. Kwa skrubu ya mm 4, toboa kwanza na biti ya mm 3 hadi urefu wote wa skrubu, kaa mm 50 mbali na kona, na kazi hiyo usiifanye kwenye shiti iliyo chini ya mm 15. Droo ya mm 12 haihitaji skrubu: kata mfereji wa kina cha mm 4, tia gundi nyeupe ya mbao, bana saa moja, acha hadi kesho. Ila pima unene kwa kalipa kwanza. Inayouzwa kama mm 6 mara nyingi ni 6.5, ya 12 inaweza kuwa pungufu kidogo. Kiungo kikicheza, gundi nyeupe haitaziba pengo.

Unapokata kukatiza uzi wa mbao, vinia ya juu inanyofoka. Chora mstari kwa kisu kikali hadi ukate vinia, ndipo upitishe msumeno pembeni yake. Msumeno wa duara wa mkononi meno yake yanakata kwenda juu, kwa hiyo uso mzuri ulale chini. Kwenye msumeno wa meza ni kinyume.

Msasa ndipo wengi wanapoharibu. Anza na namba 150, siyo 80. Ukiona doa la kahawia linachomoza usoni umeshafika kwenye gundi, na hapo hakuna kurudi. Ukitaka kuipaka rangi ya mbao, tangulia na sila (dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao), la sivyo inatoka mabakamabaka.

Chini ya sinki usidanganywe na neno "haiingii maji". Gundi ya fenoli, ile nyeusi-nyeusi kati ya matabaka, inavumilia maji. Birchi yenyewe inaoza upesi. Ubavu unakunywa vanishi kama sifongo: mkono wa kwanza uwe mwepesi, kisha miwili mizito. (Marine bodi yenye ngozi nyeusi ni ya kufungia zege, gundi na rangi hazishiki vizuri usoni pake.)

Na kwa urembo wa kukata kwa leza, chukua ya mm 3 au 4 yenye gundi nyeupe ya matumizi ya ndani. Ya fenoli inaungua ubavuni, na pengine miale haifiki chini.