Huyo samaki wa Sagana ni kapu, si kuyu

Kaka, umesema umevua samaki Mto Tana karibu na Sagana: kilo mbili hivi, rangi ya dhahabu iliyochafuka, magamba makubwa, ndevu mdomoni, na wazee pale wakakuambia umtupe. Usimtupe. Kwa maelezo hayo naona ni kapu (siyo la sokoni!), samaki wa kuletwa, asili yake Ulaya na Asia.

Kambare mwondoe kabisa, yeye hana gamba hata moja. Anayechanganya watu ni kuyu, maana naye ana magamba makubwa na ndevu nne. Basi tazama pezi la mgongoni. La kuyu ni fupi. La kapu linaanzia katikati ya mgongo na kwenda karibu hadi mkiani. Kisha pitisha kidole polepole nyuma ya mwiba wa kwanza wa pezi hilo: ukihisi meno kama ya msumeno, ni kapu. Mimi mwiba huo ulinichania nyavu siku moja ndipo nikaujua.

Bwawa la Masinga, huko chini yako, wamejaa. Ziwa Naivasha walionekana mwaka 2001, na kufikia 2010 ndio waliokuwa wakivuliwa zaidi. Hula wakifukua tope, maji yakachafuka, kwa hiyo usimhamishie mto mwingine wala kidimbwi cha nyumbani akiwa hai.

Kumla, mle. Mchanje mbavuni chanja za karibu karibu, vimiba vipo vingi, mpake limau na chumvi kuondoa harufu ya tope, halafu mkaange akauke. Picha ya ubavuni ikipatikana, nitumie.